Miezi Yako ya Kazi Iko Wapi?

MASHAURI KWA JAMAA



Mwezi huu ninaweka pembeni habari ya malezi niliyowaahidi. Kuna ulizo moja ambalo limenifikia mara nyingi, kwa barua, njiani, na hata kwenye mulango wa kanisa watu wakitoka. Mama mumoja aliliweka hivi: «Pasta, bwana yangu alitumika miaka mingi. Kwanza alikuwa muntu ya kampuni, kisha bakamutia mu sous-traitance, kisha akaenda kuchimba. Sasa kazi yote inaisha. Ile feza ya bantu benye habana kazi, tunaomba wapi?»

Nitamujibu kwa ufupi kwanza, kisha nitaeleza. Mama, katika nchi yetu feza hiyo haiko. Hakuna ofisi inayolipa mutu kwa sababu amekosa kazi, hata kama alitumika miaka 20 kwa uaminifu. Najua jibu hili ni chungu. Lakini afazali chungu ya leo kuliko kutembea miezi sita toka ofisi mpaka ofisi ukitafuta kitu ambacho hakuna mutu anakiweka.

Lakini usisikie vibaya. Sikusema kwamba mutu aliyepoteza kazi hana haki. Anazo, na nyingine zina nguvu sana. Shida ni kwamba haki hizo zinakaa katika karatasi na katika miezi iliyoandikwa. Na mutu anapohama toka mushahara wa kampuni kwenda kazi ya siku kwa siku, ao kwa sous-traitant, ao kwenda shimoni kujitumikia mwenyewe, hapo ndipo karatasi zinapotea na miezi inaanguka njiani. Juu ya hiyo nataka tuzungumze.

Jina moja, kazi mbili

Watu wengi wanauliza: «Lakini ndugu yangu wa Bruxelles analipwa chômage. Na sisi tuna ONEM sawasawa na wao.»

Ni kweli, jina linafanana. Kule Ubelgiji kuna ONEM, ndiyo ofisi inayoamua kama mutu aliyepoteza kazi atapata malipo. Hapa kwetu pia kuna ofisi ya kazi inayoitwa ONEM. Lakini ya kwetu iliwekwa kwa kuandika watu wanaotafuta kazi na kuwakutanisha na wale wanaotafuta watumikaji. Hailipi mutu kwa kukaa bila kazi. Ni vizuri ujiandikishe kule, sababu kazi inaweza kupitia njia hiyo. Usiende tu na kikapu ukifikiri utarudi na unga.

Tena, hata kule Ubelgiji malipo yale hayaanguki kutoka mbinguni. Mutu wa mushahara anakatwa kila mwezi, na siku zake za kazi zinahesabiwa. Yule anayejitegemea, mwenye biashara yake ao anayefanya kazi kwa fakture, siku zake za kujitegemea hazihesabiwi kwa chômage. Basi ulizo la yule mama si la Katanga peke yake. Mahali pote, mutu anayevuka toka mushahara kwenda kujitegemea anavuka muto. Heri ajue kabla ya kuvuka kile anachoacha ngambo ile.

Habari ya baba mumoja

Nitawaeleza habari ya baba mumoja wa kanisa letu. Jina lake silitaji, naye amekubali nieleze.

Toka mwaka wa 2002 mpaka 2005 alikuwa mutumikaji wa kampuni, na mukataba, na matricule. Miaka mine, ni miezi 48. Mwaka wa 2006 wakamwambia kwamba kazi yake sasa itafanywa na kampuni ndogo, ile tunaita sous-traitant. Wakamwambia: «Utaendelea vile vile, na feza utabeba yote mukononi, hakuna kukatwa tena.» Akafurahi. Kweli, siku ya kwanza ya malipo aliona falanga zimeongezeka kidogo. Muke wake akanunua kitambaa.

Akatumika namna hiyo mpaka mwisho wa 2018. Miaka 13. Kampuni ndogo ilibadilisha jina mara tatu, lakini mulango wa kuingilia ulikuwa ule ule, kofia ya chuma ile ile, na kapita yule yule. Alilipwa kwa siku, kila juma, bila karatasi. Kisha kazi ikasimama. Hakupewa hata barua. Akashika nyundo na mufuko, akaenda kuchimba pamoja na vijana wake.

Mwaka wa 2024 alifikisha miaka 60. Tulienda pamoja kwenye ofisi ya CNSS, yeye na bahasha yake ya karatasi za zamani. Yule mutumishi wa ofisi alitupokea vizuri, akatafuta, akahesabu. Miezi 48. Nikauliza: «Na ile miaka 13?» Hakuna. Hakuna mutu aliyeitangaza, hakuna aliyeilipia.

Ndugu musomaji, fanya hesabu pamoja nami. Miaka 13 ni miezi 156. Uongeze ile 48, unapata 204. Mutu wa miezi 204 na mutu wa miezi 48 hawasimami mbele ya dirisha lile kwa njia moja. Pensheni ya uzee inaomba miaka ya kulipa, na miaka mine haitoshi. Tukirudi, alinyamaza mpaka karibu na soko. Kisha akasema: «Pasta, nilitumika miaka kumi na saba. Mu karatasi niko na miaka ine.»

Neno lile sijalisahau. Ndilo limenifanya niandike.

Nani alipata faida?

Tuangalie ile furaha ya «hakuna kukatwa». Toka mwaka wa 2018, wakati INSS ya zamani ilipogeuka CNSS, hesabu inakwenda hivi: mutumikaji anakatwa 5 kwa mia ya mushahara wake, na bwana kazi anaongeza 13 kwa mia toka mufuko wake mwenyewe. Pamoja ni 18 kwa mia.

Tuseme mushahara ni falanga 300,000. Wewe unakatwa 15,000. Bwana kazi analipa 39,000 juu yako. Kila mwezi 54,000 zinaingia kwa jina lako. Na feza hizo zinafanya kazi tatu: pensheni ya uzee, ya ulemavu na ya wajane na yatima, musaada wakati wa ajali ya kazi na magonjwa ya kazi, na malipo kwa ajili ya watoto.

Sasa mutu akikuambia «hatutakukata tena», wewe unaona 15,000 zimerudi mukononi. Lakini yeye ameacha kulipa 39,000. Amekupa kuku mudogo na amebaki na mbuzi, na wewe umemushukuru. Tena kama jiwe linakuangukia kesho shimoni, nani atasema ulikuwa mutumikaji? Ajali haingojei karatasi zitengenezwe.

Yakobo mwenyewe alijua habari hii. Labani alimubadilishia mushahara wake mara nyingi, tena alikuwa mujomba wake (Mwanzo 31). Bwana kazi wa namna ile hakuzaliwa jana.

«Journalier» wa miaka mingi

Sasa tusikie sheria, sababu wengi wanafikiri mutu wa kazi ya siku kwa siku hana sheria. Si kweli.

Kitabu cha sheria ya kazi cha 16 Oktoba 2002, kilichotengenezwa tena kidogo mwaka wa 2016, kinasema jambo ambalo ningetaka kila mutu alikamate kichwani. Kama mutu ametumika siku kwa siku, na amefikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, basi wakimuita tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inamuhesabu kuwa na mukataba usio na mwisho. Si lazima bwana kazi apende. Ni sheria inayosema hivyo.

Siku 22 ndani ya miezi miwili. Je, kuna «journalier» wangapi kwenye migodi yetu ambao walifikisha siku 22 katika mwezi wao wa kwanza? Wanaendelea kuitwa wa siku kwa siku miaka mitano, miaka kumi. Jina linasema hivi, sheria inasema vile.

Kuna na mukataba wenye mwisho. Huo hauwezi kupita miaka miwili, na unaweza kufanywa upya mara moja tu. Yule ambaye kila miezi sita anatia saini karatasi mupya, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, afungue macho.

Na mukataba usio na mwisho unaleta nini wakati kazi inakatika? Unaleta «préavis», ndiyo muda ambao bwana kazi anapaswa kukupa ao kukulipa kabla ya kukuacha. Ni siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka muzima uliotumika. Mutu wa miaka sita ana 14 na 42, pamoja siku 56 za kazi. Katika nchi ambayo haina chômage, siku 56 hizo ndizo zinazonunua unga na kulipa minerval wakati baba anatafuta kazi nyingine. Na kama wamekuacha bila sababu inayokubaliwa, tribinali inaweza kukupa malipo zaidi.

Musomaji, unaona sasa? Yule baba wa miaka 13 alifikiri hana kitu. Kumbe alikuwa na haki siku ile alipoachwa, lakini hakujua, na hakuwa na karatasi hata moja ya kushika.

Na sous-traitance?

Hatusemi kila sous-traitant ni mubaya. Kuna wanaolipa vizuri na kutangaza watu wao wote. Kuna hata sheria yake, ya 8 Februari 2017. Lakini jueni kwamba njia hii imekuwa kubwa. Mwaka wa 2021 mashirika mawili ya kutetea haki, moja la Uingereza na lingine la Kolwezi, yalichunguza migodi mikubwa mitano ya kobalti. Walikuta zaidi ya nusu ya watumikaji waliandikwa kwa njia ya makampuni mengine, si na mugodi wenyewe.

Jambo la kukumbuka ni hili: sous-traitant naye ni bwana kazi. Kampuni yake ikiwa na watu 5 ao 500, anapaswa kuwatangaza kwa CNSS. Kuitwa sous-traitance hakumugeuzi mutumikaji kuwa mufanya biashara.

Basi ni nani anayejitegemea kweli? Ujiulize: nani anapanga saa yangu ya kuingia na kutoka? Nani ananipa chombo? Nani ananiamuru na kunipa azabu nikichelewa? Kama ni mutu mwingine, wewe ni mutumikaji, hata kama karatasi inakuita «prestataire». Sheria inatazama kama unatumika chini ya amri na uongozi wa mwingine kwa mushahara. Lakini kama una chombo chako, unapatana bei ya kazi, unatoa fakture, na unaweza kukataa kazi ya leo ukafanya ya jirani, hapo unajitegemea kweli. Ni kazi ya heshima. Lakini hakuna bwana kazi anayekulipia mwezi, na siku ikisimama hakuna préavis.

Kuacha mushahara kwenda kuchimba

Vijana, sasa naongea na ninyi. Najua siku moja nzuri ya karyeri inaweza kushinda juma nzima la mushahara. Siwezi kuwadanganya kwamba sivyo. Lakini muchimbaji wa mukono si mutumikaji wa mutu. Sheria ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa mwaka wa 2018, inamutaka awe na karte yake na awe ndani ya koperative. Haimupi bwana kazi. Miezi yake ya shimoni haiandikwi popote kwa ajili ya uzee wake, isipokuwa yeye mwenyewe afanye kitu.

Wazee wanakumbuka mwaka wa 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipokubali feza ya kuondoka, ile iliyotolewa kwa musaada wa Banque mondiale. Wengine walinunua nyumba, wengine shamba, na nyumba ile inasimama mpaka leo. Wengine feza iliisha kabla ya mvua ya pili, wakafuata watoto wao kwenye mashimo. Somo langu si kuwacheka. Somo ni kwamba feza ya mara moja na miezi ya kuhesabiwa ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza inaonekana, ya pili haionekani. Na sisi watu tunapenda kinachoonekana.

Kwa hiyo, ukitoka kwenye mushahara, usiache miezi yako ilale. Sheria inaruhusu mutu aliyekuwa ameandikwa aendelee kujilipia mwenyewe kwa upande wa pensheni. Lakini kuna muda wa kuomba. Usingoje miaka, nenda ukaulize katika mwezi ule ule unaoacha kazi.

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kunyooshea makampuni kidole, ninapaswa kuungama jambo. Katika kanisa moja nilipotumika zamani, tulikuwa na mulinzi wa usiku, sentineli. Alilinda miaka mingi. Tulimupa kitu kidogo kila mwezi, na wakati wa mavuno mufuko wa mahindi, na tulimuita «musaidizi wa kanisa». Tulisema anatumikia Mungu. Alipougua hakuweza tena kusimama usiku, tukamufanyia maombi, tukamukusanyia sadaka moja, tukatafuta kijana mwingine.

Hatukumuandikisha hata siku moja. Mimi niliketi kwenye mukutano wa wazee tulipopanga feza ya mabati na ya vyombo vya muziki, na sikufungua kinywa juu yake. Siku ile ofisini, nilipoona yule baba na miezi yake 48, nilimukumbuka sentineli wetu. Yeye hana hata mumoja.

Basi ninyi mulio na kampuni ndogo, na garage, na duka, na munaoketi viti vya mbele siku ya Mungu, musomeeni muke wenu ukurasa huu kwa sauti. Mutu anayekutumikia kila siku si musaidizi. Na mwisho wa juma feza yake si sadaka unayomupa.

Mambo sita ya kufanya

1. Tafuta nambari yako ya CNSS. Ni moja kwa maisha yote. Ukibadilisha kampuni, peleka nambari ile ile kwa bwana kazi mupya, usikubali kuanza upya kama mutu aliyezaliwa leo. Kisha pita ofisini wewe mwenyewe, uulize miezi mingapi imeandikwa. Fanya hivyo kila mwaka, usingoje miaka 60.

2. Linda fishi za mushahara. Tazama kama mustari wa CNSS upo. Kama wanakukata 5 kwa mia lakini ofisini hakuna kitu, karatasi ile ndiyo mushahidi wako.

3. Kama unatumika siku kwa siku, nunua kaye. Andika tarehe, mahali, jina la kapita, na feza uliyopokea. Kaye la falanga kidogo linaweza kukusaidia kuonyesha zile siku 22.

4. Siku kazi inaisha, omba «attestation de fin de service». Sheria inataka bwana kazi akupe kabla siku mbili za kazi hazijapita, na iandikwe kazi gani ulifanya, toka siku gani mpaka siku gani, na nambari yako. Omba hata kama umeondoka kwa kupenda mwenyewe, hata kama mumeachana kwa hasira. Tena usitie saini «décompte final» bila kusoma. Kama Kifaransa kinakushinda, peleka kwa mwalimu ao kwa mutoto wako wa sekondari.

5. Kukiwa ubishi, anza na sendika kama iko, kisha Inspection du travail. Sheria inataka ulizo lipite kwa inspecteur kwanza, mutafute kupatana, kabla ya tribinali. Lakini usikawie. Madai ya mushahara yakilala sana, mulango unafungwa.

6. Na kwa sababu chômage haiko, jamaa lijitengenezee yake. Kitemo ya watu wanaoaminiana, kuku, shamba la mahindi, feza kidogo ya kila juma. Weka wakati kazi ingali inakwenda. Wakati imesimama hakuna wa kukukopesha kwa furaha.

Na ninyi mama, musiseme «hiyo ni habari ya baba». Mujane ndiye anayesimama mbele ya dirisha wakati baba hayupo tena, na wanamuomba karatasi ya ndoa, karatasi za kuzaliwa za watoto, na nambari ya bwana yake. Nimeona mama akitafuta nambari hiyo katika mifuko ya makoti ya marehemu. Bahasha iwe moja, na watu wawili wajue mahali inakaa.

Kwa yule mama aliyeuliza, nimekwisha kumujibu uso kwa uso. Tulihesabu pamoja. Bwana yake ana miezi 72 iliyoandikwa, na miaka 52. Miaka minane inabaki kabla ya 60. Sikuweza kumwambia mahali pa kuomba feza ya watu wasio na kazi. Lakini bwana yake juma lililofuata alikwenda kuulizia kujilipia mwenyewe, na mutoto wao wa kwanza, ambaye ni «journalier» toka mwaka jana, amenunua kaye.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

– Je, nambari ya CNSS ya baba, na ya mama kama anatumika, imeandikwa wapi katika nyumba yetu?

– Katika miaka yote tuliyotumika, miezi mingapi imetangazwa? Mingapi imeanguka njiani?

– Je, kuna mutu anayetutumikia sisi, nyumbani ao kazini, ambaye miezi yake hatuiandiki?

Pasta wenu